Vidole Viwili Pembeni

Kazi yangu ni koo.
Miaka kumi na sita katika mahakama za Dundee
nimekuwa mlango: mtu huingia na Kiswahili chake,
hutokea upande wa hakimu akiwa mzima.
Siongezi, sipunguzi. Hata tusi nalipitisha lilivyo.

Kisha Novemba moja, katikati ya kiapo,
sauti ikakatika kama uzi wa juti.
Nikakohoa. Nikameza. Kitu kimekaa pale,
si mfupa, si kohozi,
punje ya wali iliyokataa kushuka.
Hakimu akanisogezea glasi ya maji.
Shahidi, mama wa Kalemie, akanitazama kwa huruma,
yeye aliyekuja pale kulia.

Kamera nyembamba ikapitishwa puani.
Nikaziona nyuzi zangu za sauti kwenye skrini,
nyekundu, zimevimba,
midomo ya mtoto aliyekula pilipili.
"Ni tindikali," akasema daktari. "Hupanda kimyakimya,
wala huhisi kiungulia."
Kikulacho ki nguoni mwako, wametuambia;
hawakutuambia kwamba hupanda ngazi.

Nikaacha kahawa, nyanya, achari ya Bi Zuwena.
Msellem akainua kitanda kwa matofali mawili,
tukawa tunalala mteremkoni
na kuamkia kwenye pindo la shuka.
Vidonge asubuhi, vidonge jioni.

Ndipo Eilidh, mtafiti,
akaniletea kurasa kumi na moja za ridhaa.
Nilizisoma mara mbili, ya pili kwa Kiswahili, kimoyomoyo.
Wengine watapata umeme penye vituo vyenyewe.
Wengine mashine ileile, waya zilezile,
ila vibandiko vimekaa kando kidogo.
Anayebandika anajua, haruhusiwi kusema.
Anayeuliza maswali hajui.
Nami, niliyezoea kujua pande zote mbili,
nikatia sahihi nisijue hata mmoja.

Vituo vina majina, nilivipenda kwa hilo.
Lango la Ndani, kwenye kigasha.
Maili Tatu, chini ya goti:
ukichoka, ati, kibonyeze, utembee maili tatu zaidi.

Nusu saa, siku tano, wiki sita.
Ruaridh hubandika, hamung'unyi neno,
macho yake yako dirishani, kwenye mto Tay.
Umeme hauumi. Ni sisimizi
wanaovuka mkono kwa haraka ya msiba.

Kila Ijumaa maswali tisa, sifuri hadi tano.
"Unasafisha koo mara nyingi?"
Nilisafisha koo, nikajibu.
Ishirini na saba. Ishirini na nne.
Wiki ya tano nilimwita paka wa jirani,
akageuka.
Kumi na sita.

Barua ilikuja Juni.
Kundi la pili. Vidole viwili pembeni,
mahali ambapo, kwa elimu yote ile,
hapana kituo, hapana lango, hapana maili.
Nilicheka, nikakohoa, nikacheka tena.
"Basi umepona kwa nini?" akauliza Msellem.
Kwanza sijapona; kumi na sita si sifuri.
Pengine vidonge vilikuwa vinachelewa tu.
Pengine ni ule mteremko.
Pengine ni mtu kukuuliza kila Ijumaa
koo lako limeamkaje, na kuliandika jibu.
Majibu ya wote hayajatoka.
Mimi ni nukta moja kwenye grafu,
na nukta haishuhudii kitu peke yake.

Lakini usiku kidole hupatafuta chenyewe:
ngozi tupu, vinyweleo viwili, kovu la pasi.
Miaka kumi na sita sijaongeza neno la mtu.
Hapa nimeongeza moja.
Pembeni mwa Lango la Ndani
pameandikwa, kwa mwandiko wangu, Kizingiti.

Alhamisi nina kesi, saa nne.
Maji nimeshayaweka kwenye mkoba.